Mashati ya Mikono Mirefu

Jumanne, 8 Aprili

Masika yameingia rasmi leo, maana yameingia mpaka dukani. Maji yamepita chini ya mlango yakaloweka gunia la vipande, nami nimekaa juu ya meza ya kukatia kama kuku, miguu juu, nikaona bora nianze daftari. Ni daftari la shule, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Zeyana, mke wangu, anadhani naandika vipimo vya wateja. Sijamkatalia.

Kwa atakayeliokota: naitwa Mcha, fundi wa kanzu na mashati, Kikwajuni. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimeyasoma kwenye magazeti wanayofungia vitambaa. Kazi yangu ya pili haina kibao mlangoni. Mimi ndiye ninayeosha maiti wanaume wa mtaa huu, mwaka wa kumi na moja sasa, na Zeyana anaosha wanawake. Watu wanatuheshimu sana na hawapendi kula kwetu.

Leo nimeosha kijana. Jina sitaandika. Mzee Silima, Mtumbatu aliyenifundisha kazi hii, alimwaga maji, mimi nikapitisha kitambaa. Nje ya pazia mama yake alikuwa akimwambia kila anayeingia: "Malaria. Malaria imempanda kichwani." Mkono wa kushoto, upande wa ndani wa kiwiko, nimeikuta hiyo malaria: matundu matundu, mengine mabichi, kama kitambaa kilichofumuliwa mshono.

Nimeona, na sikuona. Ndiyo sharti la kazi. Muosha akiona kheri, uso umekunjuka, ruhusa kusema. Akiona aibu huifunika na sanda, ikazikwa nayo. Hata mimi na Zeyana hatuulizani. Akirudi kuosha, nampa chai. Nikirudi mimi, ananipa chai.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Kanzu ya bwana harusi iko tayari, harusi imeahirishwa. Uwanja wa kupikia umejaa maji.

Jumatatu, 14 Aprili

Mpwa wangu Ahmada karudi kutoka Paje. Ni mtoto pekee wa dada yangu Tabia, ana miaka ishirini na sita, alikuwa akipokea wageni kwenye hoteli moja huko. Anajua kukaribisha watu kwa lugha sita.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Likizo au wamekufukuza?"

"Msimu wa mvua huu, mjomba. Wageni hamna."

Hilo kweli. Kapungua, macho yana usingizi wa mtu aliyelala sana. Kataka mashati matatu, ya mikono mirefu.

"Na fukuto hili?"

"Ndiyo fasheni."

Miaka thelathini nimevaa futi ya kupimia shingoni, fasheni zote zinapita kwangu kwanza. Hii haikupita.

Ijumaa, 18 Aprili

Wa pili. Kutoka ghorofa za Michenzani. Wanasema kateleza chooni akapiga kichwa. Kichwa nimekiosha mwenyewe, mara tatu kama inavyotakiwa. Hakina hata mchubuko. Mkono ule ule wa kushoto.

Mzee Silima alikuwa anakamua kitambaa. "Umeona kitu, Mcha?"

"Sikuona."

"Hewallah."

Tumemzika baada ya sala ya Ijumaa. Mvua ilitungoja tufike makaburini.

Jumatatu, 21 Aprili

Umeme hakuna tangu jana. Cherehani yangu ya miguu haijui kama kuna lililotokea.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo kaja mtu dukani bila kitambaa. Mwanamume wa makamo, shati jeupe la mikono mifupi, na mikono yenyewe imejaa makovu ya zamani, kayaacha nje kama mtu anayeanika samaki. Kajitambulisha: Mudrik. Ana nyumba Amani, upande wa nyuma, wanakaa vijana wanaotaka kuacha unga. Soba hausi wanaiita. Yeye mwenyewe kautumia miaka tisa, na sasa yuko mwaka wa saba hajaugusa. Aliyasema hayo yote kabla hajakaa, kama mwengine anavyosema anatoka mtaa gani.

"Fundi, nasikia wewe ndiye unayeosha upande huu."

"Nashona."

"Na kuosha." Akatabasamu. "Kuna unga mpya umeingia mjini. Mkali. Vijana wangu wananambia watu wanaanguka, lakini nikienda misibani naambiwa malaria, presha, kateleza. Nataka kujua ni wangapi, basi. Nikijua, nakwenda maskani kwao, wanakokusanyika, nawaambia: huu unaua, na asijidunge mtu peke yake. Bila hivyo wananiona mhubiri."

"Mimi siwezi kusema ya maiti."

"Majina sitaki, fundi. Wallahi sitaki. Nipe idadi tu."

Nikamwambia idadi nayo ni siri ya maiti. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye elimu, maana ndiyo sauti ninayotumia nisipokuwa na hakika. Akanishukuru. Akaacha namba ya simu imeandikwa kwenye kipande cha karatasi ya sigara. Nimekibandika ukutani pamoja na vipimo. Zeyana akiuliza nitasema ni shingo ya mtu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekula mchana kwa Tabia. Analalamika vijiko vyake vya chai. Alitunzwa kumi na viwili siku ya harusi yake, vina ua kwenye mpini, vimebaki saba.

"Jini gani hili linalokunywa chai?" anauliza. "Nshamwambia Bi Duni, watoto wako wakija kucheza kwangu wavue viatu na wageuze mifuko."

Bi Duni ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Hawasemeshani tangu Jumamosi kwa ajili ya vijiko.

Ahmada alikuwa chumbani kwake amelala. Saa saba mchana. Tabia akasema: "Muache apumzike, kachoka na wageni."

Kile cha nane nimekiona mimi. Nilikwenda nyuma kunawa mikono, kiko juu ya ukuta wa choo, ndani ya kipande cha bomba, chini yake kimeungua cheusi. Nikakirudisha palepale. Nikarudi kula. Wali ulikuwa mzuri, nakumbuka nilisema hivyo.

Jumamosi, 3 Mei

Ahmada kaja kupimwa. Nikamwambia vua shati. Akasema ana homa homa, nipime juu kwa juu. Basi nimempima juu ya nguo, kazi ambayo ningemfukuzia fundi yeyote. Nilipofika mkono wa kushoto alijikunja kidogo tu, kama unapomgusa paka aliyelala.

"Mjomba, hapa kwenye kifundo mkono ubane. Vifungo vitatu, usipande juu."

"Vitatu?"

"Usipande juu hata nikinyanyua mkono."

Tulitazamana kwenye kioo. Alijua kwamba najua. Nikachukua chaki nikaweka alama. Usiopanda, nikaandika. Na nimeshona vizuri: uzi mara mbili, matundu ya vifungo nimeyadarizi kwa mkono. Sijawahi kushona mkono wa shati kwa uangalifu namna ile. Nikajiambia kijana anastahili heshima yake, si ya kumuuliza mbele ya wateja. Dukani hamkuwa na mteja hata mmoja.

Jumanne, 6 Mei

Zeyana kaitwa asubuhi kuosha. Karudi baada ya adhuhuri, kalowa, nikampa chai. Hakunywa. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi jikoni, kanga bado imemganda kichwani, akiitazama ile chai inapoa.

Miaka kumi na moja katika nyumba hii hakuna aliyemuuliza mwenzake kaona nini. Nikashika shughuli yangu ya kumenya kitunguu.

"Alikuwa na miaka ishirini na mbili," akasema.

Nikaendelea kumenya, ndiyo adabu yetu.

"Mcha. Mkono wake."

Kisu kikasimama. Nikasikia mdomo wangu unasema: "Wa kushoto?"

Akanitazama vile nilivyomtazama Ahmada kwenye kioo. "Wewe wangapi?"

"Wawili. Wewe?"

"Huyu wa kwanza." Kisha akasema, polepole, "Mamaake kasema pumu. Nami nikamwambia ndiyo, pumu, Mungu amrehemu. Nimemuunga mkono, Mcha. Nimemtafutia mpaka jina la dawa ya pumu."

Mvua ilikuwa inapiga bati kama watu wanamwaga choroko. Niliwaza: tarehe ishirini na nne mtu alikuja dukani kwangu akaniomba idadi. Msichana huyu alikuwa hai tarehe ishirini na nne. Siwezi kusema angesikia. Maskani wana masikio yao. Lakini maneno hayakufika huko kwa sababu yalikuwa yamekaa kwangu, yamekunjwa vizuri, na kafuri ndani.

Zeyana akasema, bila kunitazama: "Na vijiko vya Tabia."

Kumbe naye anajua. Tangu wiki aliyorudi Ahmada, anasema, wakati vilipokuwa kumi.

Jumatano, 7 Mei

Nimekibandua kile kipande cha namba ukutani nikaenda Amani kwa miguu. Nyumba ya Mudrik ni nyumba kama nyumba: vijana wanafua, mmoja anapepeta mchele vibaya. Nikamwambia nikiwa mlangoni, nisije nikakaa nikabadilika.

"Watatu tangu mvua zianze. Wawili wanaume, mmoja mwanamke. Mkono wa kushoto wote. Zaidi ya hapo sijui kitu."

Hakuniuliza mengine. Akaita vijana wawili, wakavaa mifuko ya plastiki kichwani, wakatoka kwenda maskani kueneza habari, mvua inanyesha.

Ndipo nikamuuliza nililokuja nalo khasa. Wanakufaje?

"Wanasahau kupumua, fundi. Moyo ungali unapiga, pumzi ndiyo inayosahau. Ukimkuta mtu midomo ya buluu na anakoroma vibaya, usimnyweshe maziwa, usimmwagie maji. Mwinue kidevu, mpulizie pumzi mdomoni, mkimbize hospitali. Pumzi ikikaa sawa, mlaze ubavu asipaliwe. Na huko hospitali useme kweli. Dawa ya kumzindua ipo, lakini ni ya unga. Ukisema malaria watamtibu malaria."

Nimeandika hapa jinsi alivyosema, nisije nikaipamba.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda kwa Tabia kumwambia. Nimekunywa chai, kijiko tumetumia kimoja watu wawili. Nimerudi na maneno yangu.

Jumapili, 11 Mei

Naandika haraka, atakayesoma avumilie.

Saa moja asubuhi Bi Duni kaingia dukani mbio, kanga kichwani, viatu mkononi.

"Mcha, dada yako anakuita. Anasema uje na mkoba wako."

"Mkoba upi?"

"Ule."

Ule ni mkoba wa kazi ya pili: pamba, kafuri, kitambaa, udi. Bi Duni akaanza kulia, yeye aliyekuwa hasemeshani na Tabia. Nami nikauchukua. Hilo ndilo ninaloliandika kwa aibu: nikauchukua mkoba. Nilitoka nao mvuani, nafikiri maji yatapatikana wapi na Mzee Silima yuko nyumba gani leo. Zeyana alinifuata nyuma.

Tabia alikuwa ameshamaliza yanayomhusu mama. Kamtandikia mkeka, kamwelekeza kibla, kamfunika shuka, na kidevu kamfunga kwa ushungi wake, fundo juu ya utosi. Alimkuta chooni alfajiri anakoroma, akamnywesha maziwa. Alipoona kanyamaza na kapoa, akamvuta mpaka ndani peke yake. Hakuita mtu mpaka alipokuwa tayari kuniita mimi.

"Homa," akaniambia. "Homa ya ghafla, Mcha. Umsitiri mwanangu."

Nikapiga magoti. Nikamnyanyua mkono kuuweka sawa.

Nimenyanyua mikono mingi miaka hii. Mkono wa maiti una uzito wake, haufanani na kitu chengine, na huu haukuwa nao. Kucha zilikuwa buluu. Nikamfunua. Nikatega sikio. Kimya, kimya, kisha mkoromo mmoja mbaya kama maji yanapita kwenye bomba lililoziba. Nikahesabu. Nilifika kumi na saba ndipo ukaja mwengine.

"Yuko hai."

"Usinidhihaki, Mcha."

"Tabia, huyu yuko hai! Umemfunga mdomo mtu hai!"

Zeyana alikuwa ameshalikata fundo. Tukamgeuza, maziwa yakamtoka puani. Nikamwinua kidevu nikampulizia, na mdomo wake ulikuwa baridi, na kila nikinyanyua kichwa namwona dada yangu amesimama ukutani na mikono masikioni. Sijui mara ngapi. Bi Duni ndiye aliyepata akili ya gari. Alimtoa Kheir wa gari ya soda kitandani kwake, wakashusha makreti njiani. Tulimpeleka kati ya chupa, mimi napuliza, Zeyana anahesabu kwa sauti.

Hospitali daktari alikuwa msichana, mdogo kuliko Ahmada. "Kapatwa na nini?"

Tabia alinishika mkono wangu hapa juu, akanibana mpaka mfupa. "Homa, daktari. Tangu juzi. Homa."

Bi Duni alikuwa nyuma yetu. Nyuma yake benchi zima la watu wa mtaani kwetu, na watoto wao wana kikohozi, na masikio yao hayana kitu.

"Unga," nikasema. "Kajidunga unga. Mkono wa kushoto."

"Una hakika?"

Nikamshika Ahmada mkono niupandishe ule wa shati. Haukupanda. Vifungo vitatu, uzi mara mbili. Nikavuta, ukakataa, nikavuta tena kwa meno. Nimejilaani kwa kila tundu nililolidarizi. Mwisho ukachanika kutoka begani, na mkono ukawa nje mbele ya watu wote, na daktari akaona, akakimbia.

Walimpiga sindano. Dakika chache tu. Akavuta pumzi ndefu akafungua macho na hasira kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, akatazama begani.

"Nani kanichania shati?"

Nimecheka mpaka nesi akanitoa nje. Huko nje hakikuwa kicheko.

Jumatatu, 12 Mei

Tabia kanambia haya, ukumbini hospitali, kwa sauti ya chini kabisa: "Miaka kumi na moja unasitiri watoto wa watu. Wangu ndiye uliyemvua hadharani."

 

Alhamisi, 15 Mei

Ahmada kakubali kwenda kwa Mudrik. Kukubali ni neno langu. Mudrik alikuja akakaa naye kitandani, hakumhubiri. Walikuwa wanasimuliana hoteli za Paje na wageni wao, wanacheka. Kisha wakaondoka pamoja. Kwangu hakuaga.

Jumanne, 20 Mei

Kuna msiba nyumba ya nne kutoka dukani. Mzee wa miaka themanini, kafa kitandani, hana siri hata moja. Wamemwita muosha kutoka mtaa mwengine.

Mzee Silima kapita jioni, kanikuta napiga pasi. "Wanasema Mcha mdomo umemfunguka."

"Nimesema ya aliye hai, Mzee wangu."

"Najua." Akaitazama pasi inavyokwenda. "Lakini na idadi je? Nasikia uliitoa."

"Niliitoa."

Nikangoja anitoe kazini. Akachukua fimbo yake. "Basi ungesema wanne," akasema. "Nilimwosha mmoja peke yangu siku ulipokwenda kununua vifungo."

Jumatano, 21 Mei

Nimempelekea Mudrik idadi iliyo sahihi.

Jumamosi, 24 Mei

Ahmada katoroka.

Jumapili, 25 Mei

Ahmada karudi mwenyewe kwa Mudrik, kalowa chepechepe, anatetemeka. Mudrik anasema huo ndio mwendo wenyewe, nisihesabu siku za mtu. Mudrik anasema hajasikia msiba wa namna ile tangu katikati ya mwezi. Hajui ni maneno yaliyofika au ni unga uliokwisha. Mimi pia sijui, na sitajipa sifa.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua zinapungua. Kazi za Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi ya Hija, zimejaa mpaka mlangoni: wasioniita kwa maiti wamenikumbuka kwa kanzu. Tabia hajatia mguu kwangu siku ya kumi na nane. Bi Duni ndiye anayempikia. Hawazungumzi mambo ya vijiko.

Jumanne, 3 Juni

Jua. La kweli, mpaka ukuta wa duka unatoa moshi.

Wateja watano wamejazana mezani, nami nina pini mdomoni, Tabia akaingia. Wote wakampisha, maana kila mtu anajua, nilihakikisha mwenyewe kule hospitali. Akapita katikati yao akaweka kifurushi juu ya meza, juu ya kanzu ya mtu. Yale mashati mawili yaliyobaki, yamefuliwa na kupigwa pasi.

"Nakwenda kumtazama Ahmada Sikukuu," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nampelekea nguo."

Nikatema pini. "Mazuri hayo. Hayajavaliwa."

"Kata mikono."

Nikalikunjua la kwanza.

"Kiasi gani, dada?"

Akautoa mkono wake ndani ya buibui, akaunyoosha mbele ya watu wote, na kwa ncha ya kidole akachora mstari juu ya kiwiko.

"Mpaka hapa."

Nikachukua chaki, nikaweka alama, nikakata palepale akiwa amesimama. Mikasi haikukwama. Alingoja nipinde na kushona mikono yote minne, akayakunja mashati, akaondoka bila kuaga, na mlangoni akageuka akasema kanzu ya yule bwana mnene nimekosea kola. Kweli nilikuwa nimekosea.

Jioni Zeyana alikuwa anafagia akaokota vile vipande, mikono minne, vifungo vitatu kila mmoja. Akavinyanyua kwenye mwanga. Katika nyumba hii ambayo hatukuwa tukiulizana, akaniuliza: "Hivi vya nini?"

Nikamwambia.

Akaweka ufagio, akamimina chai, safari hii vikombe viwili.